Sanduku Lenye Matundu

Kwandu alikuja karakanani, Mabatini,
na uzi wa katani wenye mafundo mawili.
"Urefu ni huu," akasema, "ila bado anakua."

Uzi ule niliujua.
Mwezi wa tatu aliuleta una fundo moja,
la baba yake, Luhende mcheza ngoma,
nami nikapiga randa usiku kucha,
nikaziba kila ufa kwa gundi na unga wa mbao,
maana kwa sanduku la namna ile
fundi husifiwa kwa kutopitisha hata pumzi.
Sasa fundo la pili limelipita la kwanza:
chatu amemzidi marehemu shibiri mbili.

"Safari hii nataka matundu."

Nikashika keekee, mkono ukasita.
Miaka kumi na tisa nafunga, nafunga.
Nikatoboa sitini, kila moja dogo kuliko choroko,
thelathini chini kushoto, thelathini juu kulia,
hewa iingie huku, ichoke, itokee kule.

Nikamwonyesha vanishi. Akakataa: harufu itamuumiza.
Nikampa maranda ya mkangazi, mekundu, laini, ya bure.
Akakataa: vumbi litamkaa mdomoni.
Akatandika magazeti! Juu ya kazi yangu, magazeti
ya uchaguzi uliopita, waheshimiwa chali,
wakitabasamu, wakisubiri kukaliwa.

Kioo mbele. Bawaba za shaba. Komeo kwa nje.
"Si mwizi," akasema, "anapenda tu kujua
jirani wanapika nini."
Upande huu taa, ndani ya kizimba cha waya
asije akaikumbatia akaungua,
maana hajui kupenda kitu bila kukizunguka.
Upande ule kivuli, na beseni jekundu
alilonawia miguu marehemu, ngoma ikiisha.
Kwenye kona, chungu kilichopasuka,
mdomo umegeukia ukuta.

"Cha nini hicho?"
"Cha kutoonekana."

Miaka yote ile, akasema, Magu, Misungwi, Kisesa,
vumbi na vigelegele, amevikwa shingoni kama mtandio,
hakuna aliyemuuliza kama anapenda kutazamwa.

Sikujibu. Nilikuwa natafuta penseli
iliyokuwa sikioni mwangu.

Tukamleta ndani ya kapu.
Nitasema kweli: nilipanda juu ya kiti.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi;
mimi sijaumwa, nilishtuka mapema.
Yeye akashuka bila haraka,
akasoma pembe nne kwa ulimi,
akawapita waheshimiwa mmoja mmoja,
akagusa maji, akayaacha,
akaingia chunguni kidogo kidogo,
kama uzi unaorudishwa mfukoni.

Kwandu akaketi sakafuni.
Msibani hakulia, na watu walimsema.
Alilia pale, mbele ya chungu,
hakuna cha kuona.

Usiku umeme ukakatika, Mabatini yote hadi Igoma.
Nikageuka ubavu huu, nikageuka ule.
Mteja wangu wa mwezi wa tatu
hajawahi kuniamsha kwa baridi.
Nikachukua jiwe linalozuia mlango wangu,
jiwe la mlimani, zito, la kijivu,
nikaliweka juu ya makaa mpaka likakubali,
nikalizungushia gunia, nikashuka nalo kifuani
kwenye njia ya mawe yaliyobebana,
upepo wa ziwa ukinisaka shingoni,
mwanamume mzima, saa nane za usiku,
naenda kugonga mlango wa mwanamke
nina jiwe mkononi.
Mgambo angenikuta, ningeanzia wapi?

Alifungua kabla sijagonga mara ya pili.
Nyuma yake jiko lilikuwa jekundu.

"Lete," akasema. "Langu limeanza kupoa."